Dakika Tano za Daktari Abbasi

Mpaka leo mtu akiniambia kwamba walimu wa Kibondo hawajui kujieleza, namuuliza kwanza kama amekula, maana sipendi kugombana na mtu mwenye njaa. Akisema ameshiba, namkalisha chini namsimulia habari ya Jumamosi moja ya Juni, mwaka sabini na sita, hapa Kasulu, siku niliyopewa kengele ya shule nikaambiwa niwapigie watu wazima.

Jina langu ni Shamsia binti Hilali. Wakati ule nilikuwa karani mpiga chapa katika ofisi ya elimu ya wilaya. Baba yangu ana duka la vitenge na chumvi karibu na soko; asili yake ni Ujiji, na babu zake walitoka pwani, lakini mimi nimezaliwa hapahapa na Kiha nimekisema tangu sijaota meno. Nalitaja hili mapema ili mtu asidhani kwamba sikuelewa nilichokuwa nakiona. Nilielewa vizuri sana, na ndiyo maana hasira yangu haijaisha.

Barua ilikuja mwezi Mei. Chuo kimoja cha juu, ambacho sitakitaja, kilikuwa kinamtuma mwalimu wake kuja kukionyesha kwa watumishi wa Kasulu na Kibondo wanaotaka masomo ya juu ya elimu. Mwenye shahada ya kwanza angeomba ya pili. Mwenye stashahada na miaka ya kazi angeweza pia kuingia, mradi aonyeshe utafiti alioufanya kwa mikono yake mwenyewe. Siku hiyo waliiita Siku ya Milango Wazi. Ndugu Felisiani, afisa wangu, mzaliwa wa hapa na mtu wa kupenda sana tai, aliniteua kuwa mwongozaji wa waombaji.

Mimi nikipewa kazi naifanya. Nilipiga chapa karatasi ya maelekezo, nikaituma hadi Kibondo. Nilieleza yote: waje na vyeti, waje na barua ya tawi la chama, wafue nguo, waandike muhtasari wa utafiti wao kwa ukurasa mmoja, wasije wamekunywa. Kulikuwa na jambo moja tu ambalo sikuliandika, kwa sababu akili yangu haikufika huko. Nani angefikiri kumwandikia mtu mzima jambo la namna ile?

Wa Kibondo walikuja kumi na wawili, juu ya lori la maharage, na lori lenyewe likawaharibikia njiani wakalala porini. Walifika Ijumaa saa sita mchana, nyusi zao nyekundu kwa vumbi. Wengi walikwenda kwa ndugu zao na wengine misheni. Mwanamke mmoja alibaki amesimama na mzigo wake, na baba hawezi kuona mtu amesimama hivyo mbele ya duka lake. Akamkaribisha kwetu. Ndiyo namna nilivyomfahamu mwalimu Kezia Ntirampeba.

Alipoingia uani alimsalimu baba kwa heshima zote za kwao. Aliinama, akapiga makofi polepole, akauliza habari za nyumba, za duka, za afya, za mama yangu aliyefariki mwaka wa nyuma ambaye hata hakumjua. Baba naye akamjibu moja moja na kumuuliza za kwao. Ilichukua muda wa kuchemsha chai. Ndipo akakaa, akanawa, akala ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, bila kusema neno juu ya safari.

Baada ya kula alifungua mzigo. Kulikuwa na madaftari saba ya shule, yamefungwa pamoja kwa kipande cha kitenge. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka tisa, na kwa miaka saba kati ya hiyo aliandika kila kosa la kila mtoto: neno gani lilimshinda, mwezi gani, na alilipata lini.

"Watoto wetu wanaitwa wazito," akaniambia. "Mkaguzi akija anaandika hivyo, wazito. Mimi nikataka kujua uzito huo uko wapi." Akafungua daftari la tatu. "Angalia hapa. Mtoto anajua Kiha tu. Siku ya kwanza kitabu kinampa nazi, bahari, jahazi, garimoshi. Neno halijui, na kitu chenyewe hajakiona. Anajifunza mambo matatu kwa mara moja. Mwaka uliofuata nikaanza na jembe, maharage, ndizi, mvua, mama. Vitu vilivyoko kwao. Mwezi wa nne walikuwa wanasoma, dada. Darasa la jirani lilifika pale mwezi wa kumi."

"Na hayo mengine?"

"Bahari niliwaletea baadaye, wakati wanajua kusoma. Wala haikuwashinda." Aligonga daftari kwa kidole. "Watoto siyo wazito. Kitabu ndicho kizito. Nikipata chuo nitaliandika jambo hili kwa namna ambayo watunga vitabu watalisoma. Nisipopata, nitakufa nalo darasani. Desemba natimiza thelathini na mitano, na zaidi ya hapo hawapokei. Ni mwaka huu au basi."

Nimesikia watu wengi wakizungumza juu ya kazi zao, na wengi husema kwa kujikuna. Huyu mwanamke alizungumza macho yakiwaka. Nilimpenda palepale. Jioni yote nilimfundisha: aanze na ule mwezi wa nne na mwezi wa kumi, afungue daftari la tatu mezani, aseme polepole, avae viatu vyangu vyeusi kwa kuwa vyake vilikuwa vimepasuka. Alirudia mara tatu, kila mara vizuri zaidi. Nikalala nikijua kwamba nafasi moja ya chuo imekwisha kupata mwenyewe.

Asubuhi Daktari Abbasi alifika na Landrova. Mtu wa miaka hamsini na ushei, mvi nzuri, miwani, sauti ya upole. Sikuwa na neno naye hata kidogo. Ofisi nzima tulipanga mstari na Ndugu Felisiani akaongoza salamu. Tuliinama, tukapiga makofi, tukasema "Mwidiwe", salamu ya Kiha ya mchana, ingawa asubuhi ina yake, maana mgeni asingejua tofauti. Tukamuuliza za safari, za nyumbani, za mke, za watoto, za mvua huko kwao. Robo saa nzima ilikwenda. Daktari alichekelea kama mtoto aliyepewa pipi.

"Huku kwenu adabu bado ipo," akasema. "Sisi mjini tumeisahau kabisa."

Akatoa kamera. Akaomba wanawake turudie kuinama, kwa kuwa mara ya kwanza jua lilikuwa mbele yake. Tukarudia. Mimi niliinama mara mbili kwa ajili ya picha ile, na nilijisikia fahari, jambo ambalo linaniudhi hadi kesho.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Ukumbi wa shule ulijaa watu arobaini na mmoja. Kulikuwa na picha za chuo zimebandikwa kwenye mbao, mabweni, maktaba, wanafunzi chini ya taa, na mezani vitabu vya kushika. Walimu walivishika kwa mikono miwili. Nilizunguka nikiwaelekeza, huyu vyeti vyake anaviweka wapi, yule barua yake ina mhuri au haina. Kezia alisimama mbele ya picha ya maktaba kwa muda mrefu, midomo ikitikisika, nikajua anahesabu rafu.

Saa saba Daktari akatangaza utaratibu wa mchana. Fomu alizokuja nazo zilikuwa nane tu. Kila mwombaji angeingia peke yake katika darasa la pembeni, apewe dakika tano, ajieleze. Atakayemridhisha angetoka na fomu, na asiyekuwa na fomu asingeweza kuomba.

"Ndugu Shamsia atashika saa na kengele," akasema Felisiani. "Dakika tano zikiisha, anapiga. Hakuna upendeleo."

Nikakaa pembeni ya meza yao, saa ya baba mkononi na kengele mapajani. Walianza na watu wa mjini. Wa kwanza alikuwa mwalimu Stanislaus, kijana wa hapahapa aliyesoma Dar es Salaam na kurudi na suruali pana chini. Aliingia, akavuta kiti, akakaa kabla hajaambiwa, akakunja nne, akaanza. Mapinduzi ya elimu, maendeleo ya umma, ukombozi wa fikra. Utafiti hakuwa nao hata wa nusu ukurasa. Daktari alikuwa akisoma makaratasi yake wakati wote, lakini Stanislaus hakujali, aliyamwaga maneno juu ya kichwa kilichoinama mpaka kichwa kikainuka. Akapewa fomu. Nilicheka moyoni tu, maana Stanislaus namjua tangu utotoni na mdomo wake haujawahi kuwa na breki.

Kisha wakaanza wa Kibondo. Aliyetangulia alikuwa mzee Nsengimana, mwalimu mkuu kutoka Gwarama. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akainama, akapiga makofi. Akamsalimu Daktari. Akamsalimu Felisiani. Akanisalimu mimi, mtoto wa kumzaa. Akauliza za safari ya Daktari na za aliowaacha nyumbani. Daktari akajibu "nzuri, nzuri" bila kuinua macho, kalamu ikiendelea. Mzee akakaa ukingoni mwa kiti, akanyamaza.

Hapa lazima nieleze, kwa wasiowajua Waha. Ukienda kwa mkubwa na shida yako, humwagi shida mlangoni. Unasalimia, naye anakujibu na kukuuliza za kwako, halafu ndiye anayekufungulia: haya, lete maneno. Akiwa hajakutazama, ana jambo lake hajalimaliza, na kumkatiza ni kumtukana. Kwa hiyo mzee Nsengimana alikaa akisubiri aulizwe, na Daktari akaandika akisubiri aelezwe. Dakika zikaisha. Nikapiga kengele. Mzee akashukuru, akatoka, na nilimwona dirishani amesimama karibu na mlango, kofia mkononi, akingoja kuitwa kwa sehemu ya pili.

Akaja wa pili, hivyohivyo. Wa tatu, hivyohivyo. Wa nne naye hivyohivyo. Nikamwinamia Felisiani, nikamnong'oneza kwa Kiha kwamba niruhusiwe kutoka dakika moja niwaambie walioko nje waanze kusema bila kungoja.

"Kaa," akanijibu kwa Kiswahili, tena kwa sauti. "Kila mtu ajieleze mwenyewe. Huu siyo mchezo wa watoto."

Alijua. Mama yake yuko Kagerankanda mpaka leo, na ukienda kwake huwezi kutaja shida yako kabla hajakuuliza za mbuzi wako. Alijua kuliko mimi, na alikaa pale na tai yake akiwatazama watu wa kwao wakitoka mmoja mmoja mikono mitupu. Ningekuwa na ujasiri ningeondoka hata bila ruhusa. Sikuondoka, niliogopa kazi yangu, na nikajifariji kwamba Kezia ni mwingine, Kezia tumefanya mazoezi.

Kezia aliingia wa mwisho kati ya wale kumi na wawili, viatu vyangu miguuni, madaftari kifuani. Nilimtolea macho. Nilimtingishia kichwa. Akanijibu kwa tabasamu dogo la heshima, akaweka madaftari sakafuni ili mikono iwe huru, akainama, akaanza kupiga makofi.

Yote tuliyoyarudia Ijumaa yalikuwa maneno ya baada ya kuulizwa. Hakuna popote nilipomwambia kwamba hataulizwa. Alisalimia vizuri, kwa sauti nzuri, hata akaongeza pole ya safari ya kurudi. Daktari akasema "asante" na kugeuza karatasi. Kezia akakaa. Akaokota madaftari, akayapanga magotini, la tatu juu. Akatazama meza, akangoja. Nikatazama mshale wa saa ukizunguka. Niliona mkono wake ukisogea kidogo kwenye daftari, kisha ukarudi. Sekunde kumi za mwisho Daktari aliinua macho, akamtazama kana kwamba anashangaa bado yuko, akasema, "Ndiyo?" Naye akafungua kinywa.

Nikapiga kengele. Hakuna aliyenishika mkono, nilipiga mwenyewe, kwa sababu mshale ulikuwa umefika.

Kezia alifunga kinywa, akashukuru, akatoka. Daktari akaandika mstari mmoja mbele ya jina lake. Mimi nasoma maandishi ya kichwa chini, karani yeyote anaweza. Aliandika: Hana la kusema.

Waliobaki wa Kasulu wakamalizika, fomu saba zikawa zimekwenda. Daktari akavua miwani, akajisugua macho.

"Hawa wenzetu wa Kibondo wana nini?" akauliza. "Wamesafiri siku mbili kuja kunisalimia?"

Felisiani akacheka. "Bado ni watu wa porini, Daktari. Tunajitahidi nao."

Damu ilinichemka mpaka masikio yakaziba. Nikaiweka kengele mezani, juu ya makaratasi yao, ikalia yenyewe.

"Shikamoo, Daktari," nikasema. "Nakuamkia kwa sababu baba yangu hakunilea vibaya, halafu nakwambia hivi. Asubuhi ulisalimiwa robo saa ukafurahi. Ulitusifu. Ulitaka turudie, mimi nikainama mara mbili kwa ajili ya kamera yako. Mchana salamu ileile imekuwa ushamba. Watu wale hawakukosa la kusema. Wamekusalimu kwa sababu ni watu wazima, na wamekungoja uwaulize kwa sababu wewe ndiye mkubwa na ndiye mwenye nyumba. Hukuwauliza. Hata hukuwatazama. Umeandika kwamba yule mwanamke hana la kusema, na amekaa mbele yako ameshika miaka saba ya kazi!"

"Shamsia!" Felisiani alikuwa amesimama.

"Na wewe, ndugu yangu, nenda kwa mama yako kesho ukamwambie watu wa porini ni akina nani."

Sijui nilitegemea nini. Daktari hakukasirika, na hilo liliniudhi zaidi. Alivaa miwani, akanitazama kwa utulivu, akatazama bahasha yake. Ilikuwa imebaki fomu moja.

"Binti," akasema, "chuoni hakuna mtu wa kukungoja. Huko ukinyamaza umepotea. Lakini yule mwenye madaftari alikuwa na sura ya kazi. Mwite. Ninaondoka baada ya nusu saa. Mwambie aje kuzungumza. Asije tena kusalimia."

"Na wale kumi na mmoja?"

"Fomu ni moja."

Nilikimbia mpaka stendi na lile gauni langu la kazi, watu wa sokoni wakinishangaa. Lori la Kibondo lilikuwa linapakia chumvi, na walimu wote kumi na wawili walikwisha kupanda juu ya magunia. Mzee Nsengimana alikuwa amevaa kofia yake sasa. Nikamwita Kezia, nikamweleza kwa pumzi moja. Alishuka polepole, akasimama mbele yangu kando ya tairi.

"Sikiliza," nikamwambia. "Ukiingia, usiiname. Usipige makofi. Usimuulize za watoto wake. Kaa kabla hujaambiwa. Akiwa anaandika, sema. Akiwa hakutazami, sema kwa nguvu. Mkazie macho."

"Shamsia, unanifundisha ufedhuli."

"Nakufundisha mahojiano."

"Mtu mwenye mvi? Nimwingilie bila salamu, nimkazie macho?" Alikuwa na hasira kuliko mimi. "Mimi kila asubuhi nawasimamisha watoto sitini, nawafundisha kuamkia. Hilo ndilo somo langu la kwanza, kabla ya jembe na maharage. Leo niambiwe kwamba ni uchafu, niuache mlangoni kama matope?"

"Ndiyo. Kwa dakika tano. Halafu utauchukua ukitoka. Desemba, dada Kezia. Umesema mwenyewe."

Akageuka kulitazama lori. Wenzake walikuwa wanatusikia wote, hakuna aliyejifanya hasikii. Mzee Nsengimana akainama kutoka juu ya magunia.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Sisi wengine tumekwisha kusalimia. Inatosha."

Dereva alikubali kungoja kwa shingo upande. Tulipofika darasani nilifungua mlango, na Kezia akapita. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja, akavuta kiti, akakaa, akalitupa daftari la tatu mezani mbele ya Daktari, juu ya alichokuwa anakiandika.

"Watoto wa Kibondo wanasoma mwezi wa nne au wanasoma mwezi wa kumi," akasema. "Tofauti yake nimeiandika miaka saba. Fungua ukurasa wa kwanza."

Sauti ilikuwa kavu, siyo ile ya Ijumaa. Yale macho yaliyokuwa yanawaka kwetu uani sasa yalikuwa yamemkazia Daktari, hayapepesi. Alisema juu ya nazi na bahari. Alisema juu ya jembe. Alifungua daftari la tano bila kuombwa, akamwonyesha majina ya watoto na tarehe. Daktari alipoanza kuuliza jambo, alimkata: "Nakuja huko." Daktari akaacha kalamu. Baada ya dakika tatu alikuwa amesogeza kiti mbele, na baada ya kumi alikuwa anafungua madaftari mwenyewe, na hakuna aliyetazama saa.

"Hii ni kazi!" akasema mwishowe, akimgeukia Felisiani. "Unaiona hii? Hii ni kazi ya chuo kabisa. Mwalimu, mbona hukuniambia hivi tangu mwanzo?"

"Hukuniuliza," Kezia akajibu.

Alichukua fomu, akafunga madaftari, akasimama, akatoka. Hakuaga. Alimpita Felisiani kama mtu anavyopita nguzo ya simu. Daktari alibaki anatabasamu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa huyo ndiye mtu wa chuo," akasema. Nilitaka kumrushia ile kengele.

Nje nilimkuta ameegemea ukuta, fomu imekunjika mkononi.

"Umepata!" nikamwambia. Nilikuwa nacheka na kulia. "Umepata, dada Kezia!"

"Ana umri wa baba yangu mdogo," akasema. "Nimeingia kwake kama mtu wa kodi. Na ndipo aliponisikia."

Nikamwambia atasahau. Nikamwambia ni dakika chache tu, na kazi yake ni ya miaka. Alinivulia viatu vyangu, akanirudishia akiwa ameviweka juu ya mikono miwili, akaenda peku mpaka stendi.

Septemba alikwenda chuoni. Mimi Felisiani alinitoa kwenye mashine ya chapa akanipeleka stoo kuhesabu chaki, nikazihesabu kwa moyo mweupe. Kila nilipofungua boksi nilijiambia kwamba kwa fomu moja kati ya nane, angalau hawakutuweza. Niliwaambia watu sokoni. Baba aliwaambia wateja. Kwetu Kezia alikuwa amekuwa kama mtoto wa nyumba aliyekwenda kusoma, na baba kila wiki aliuliza kama ameandika.

Barua ilikuja Februari. Niliifungulia dukani, baba akiwa anampimia mtu kitenge. Kila mtu anajua barua ya huku ilivyo. Ukurasa wa kwanza ni salamu: mimi sijambo, sijui ninyi, msalimie fulani na fulani, msalimie na jirani. Dhumuni la barua linaanza ukigeuza. Ya Kezia ilikuwa na mistari minne.

"Shamsia. Nahitaji daftari la nne. Lipo kwa dada yangu Esteri, Kibondo. Lipate ulitume kabla ya tarehe ishirini. Kezia."

Niliisoma mara tatu. Nikaigeuza nitazame nyuma, hapakuwa na kitu. Nikaingiza kidole ndani ya bahasha, huenda kuna karatasi nyingine imenasa. Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, Daktari, Felisiani, chuo, Kezia mwenyewe, na hasira ikawa inanirudia mimi, kwa sababu somo lile nilimpa mimi, kando ya tairi la lori, na yeye hajawahi kuwa mwanafunzi mzito.

"Ni Kezia?" baba akauliza toka kwenye kaunta, futi mkononi, uso umekunjuka. "Anatusalimu?"

"Sana, baba," nikasema. "Anakusalimu wewe, anauliza afya yako, anauliza za duka. Anamwombea marehemu mama. Amewataja wote, mmoja mmoja."

Nikaikunja barua haraka, nikaitia kifuani kabla hajaomba kuiona.